Kifumbu cha Pili

Sufuria ni ile ya pilau, ya watu arobaini.
Mkude wa Buguruni aliitoboa ubavuni, akaifungia koki ya shaba,
akaniuliza, "Mama anajua?"
Nikamlipa bila kujibu.

Jumamosi, saa tatu usiku, Tabata Relini.
Togwa ya shayiri imechemka saa nzima uani
na maua ya hopsi, niliyoagiza kwa shemeji anayesafiri,
yameshatoa uchungu wake wote.
Yamebaki manyoya ya kijani, yamevimba, yamechoka,
yanaelea kama mboga iliyosahauliwa mekoni.

Nafungua koki. Inatoa uzi mmoja.
Kisha tone.
Kisha inakohoa, kimya.

Nimejaribu dawa zote za mtu mkaidi:
spoku ya baiskeli tunduni,
waya wa kusugulia masufuria, niliousokota nyuma ya koki,
kipande cha pazia la neti la sebuleni (hili tusilizungumze),
hata mdomo wangu. Nilipuliza,
nikarudishiwa mvuke.
Siku mbili nilitamka maneno kama mtoto anayeota meno.

Nikakoroga kwa mwiko, upande mmoja, upande mmoja,
mpaka katikati pakatokea shimo linalozunguka.
Nikautoa mwiko. Nikangoja robo saa, pumzi nimeibana.
Mashapo yakaanza kujikusanya yenyewe, taratibu,
kichuguu kidogo cha kijani, kizuri,
nikatamani kumwita mtu aje aone.
Treni ya mizigo ikapita.
Ua ukatikisika kidogo, kidogo tu.
Kichuguu kikalala.

Skola akatoka na tochi ya simu, akamulika sufuria, akanimulika mimi.
"Kwani majani ya chai unayamwaga kikombeni bila chujio?"
Nikamwambia maua yanataka nafasi, yacheze.
"Yamecheza. Sasa nani anafagia ukumbi?"

Akaingia jikoni, akarudi na kifumbu.
Cha mama yake, cha Nyangao,
ukindu ulioiva rangi ya asali kwa tui la miaka kumi na tisa.
Hakunipa. Alikishika mwenyewe juu ya ndoo,
mimi nikachota kwa upawa.
Upawa, ngoja. Upawa, ngoja.
Kila kikijaa anakikamua,
nami nasema usikamue, ukikamua unatoa ukakasi,
naye anakamua, mkono wake haujui njia nyingine.
Nusu ya ndoo akaniambia ada ya Editruda bado.
Nikasema najua.
Upawa, ngoja.
Machicha tuliyatupa chini ya mpapai.
Ndoo ilijaa saa sita kasoro.

Jumapili, wali wa nazi.
Kifumbu alikiosha mara tatu: kwa chumvi, kwa ndimu, kwa maji ya moto.
Tukala. Uchungu ukaja mwishoni, nyuma ya ulimi,
kama mgeni anayepiga hodi akiwa ameshakaa.
Editruda akaitazama sahani, akamtazama mama yake.
"Kula," Skola akasema.
Tukala wote, mpaka ukoko.

Na pombe yenyewe?
Ilitoka na ukungu. Na ukakasi, nilisema.
Jirani Mponda aliisifu kwa adabu
akaomba maji.

Mwezi uliofuata Skola alirudi kutoka sokoni,
na chini ya mafungu ya mchicha kulikuwa na kifumbu kipya,
bado cha kijani, kinakwaruza viganja,
kimefungwa uzi mwekundu kwenye sikio.
Akakitundika msumarini, kando ya kile cha mama yake.
Hakusema ni cha nani.

Umeme ukikatika, na hukatika,
napapasa ukuta wa jikoni, nakuta viwili,
na uzi mwekundu gizani ni uzi tu.
Nanusa kwanza.